Je, Wajua? Birika Jekundu Halijui Una Oili Kiasi Gani

Je, wajua kwamba dashibodi ilianza maisha kwenye gari la farasi? Ilikuwa ubao tu, umesimamishwa mbele ya miguu ya mwendeshaji ili matope yanayorushwa na kwato yasimrukie. Farasi wamekwenda zao, ubao umebaki, na sasa umejaa vitaa ambavyo wengi wetu tunavisoma kwa kukisia. Safu ya leo ni ya wenye pikapu, wanaoazima pikapu, na wanaohesabu fedha za kununua pikapu. Tutazungumza vitaa, tutazungumza mafuta, na msishangae vikikutana njiani.

Je, wajua kwamba Wamarekani walizibandika taa hizo jina la "taa za wajinga"? Kampuni ya Hudson ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuziweka, miaka ya 1930, mahali palipokuwa na mishale ya oili na chaji. Waliozoea mishale wakacheka. Kicheko chao kilikuwa na hoja: mshale ukishuka taratibu unakupa habari jambo likiwa bado njiani. Taa ikiwaka, mgeni ameshaingia ndani na kuketi.

Tuanze na birika jekundu linalodondosha tone, maana hapo ndipo injini nyingi zimefia. Siku moja nilikuwa Chalinze nakunywa chai, ikaingia Hilux imeshiba magunia ya vitunguu. Dereva akashuka, akafungua boneti, akamimina dumu zima la oili, akawasha. Birika bado linawaka. "Litazima lenyewe oili ikizunguka," akamwambia utingo wake, wakaondoka. Sijui waliishia wapi. Ninachojua ni kwamba lile birika halipimi wingi wa oili. Linapima presha. Kuna kiswichi kimefungwa ubavuni mwa injini, kinasubiri msukumo wa oili, na msukumo ukishuka karibu na sifuri kinawasha taa. Kwa hiyo unaweza kuwa na oili mpaka alama ya juu na birika likawaka, kwa sababu pampu imekufa au njia imeziba. Unaweza pia kuwa umepungukiwa na lita nzima na lisiwake hata kidogo, mpaka siku utakapokata kona kali oili iliyobaki ikimbilie upande mmoja na pampu ivute hewa. Wingi unapimwa kwa dipstiki, injini imezimwa, gari liko pa tambarare. Baadhi ya magari mapya yana taa ya pili, ya njano, kwa ajili ya wingi. Lile jekundu likiwaka safarini, zima injini hapo hapo. Usingoje gereji, usingoje hata kivuli cha mwembe ulio mbele. Dakika chache za chuma kusugua chuma zinatosha injini kunoki.

Taa ya betri nayo imesingiziwa jina. Inachosema ni kwamba chaji haiji: altaneta imechoka, waya umelegea, au mkanda umekatika. Wapo walionunua betri mpya kwa sababu ya taa hiyo, wakatembea nayo siku moja, kesho yake wakasukumwa na vijana wa kijiweni.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wenye Hilux za zamani za dizeli wanapaswa kulijua kwa moyo. Kwenye injini kama 2L na 3L, mgongoni mwa altaneta kumepandishwa pampu ndogo ya kuvuta hewa, na pampu hiyo ndiyo inayoipa breki wepesi wake. Mkanda mmoja ukikatika, chaji na msaada wa breki vinaondoka pamoja. Injini yenyewe haitazima, kwa sababu pampu yake ya dizeli inaendeshwa na injini na haihitaji umeme mwingi, hivyo dereva anaona mambo ni shwari: kitaa tu kinawaka, mchana huu taa za mbele za nini? Baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Breki zipo, lakini sasa zinataka nguvu ya mguu wako mwenyewe, na mzigo wa tani moja nyuma haukusaidii kukanyaga.

Na kwa kuwa tumetaja breki: je, wajua kwamba kuweka nyutro mteremkoni hakuokoi mafuta? Kuhusu hili nimebishana na watu ninaowaheshimu, akiwemo mjomba wangu aliyeendesha malori miaka mingi. Anayetoka Iringa kuteremka Kitonga anajua kishawishi chake: gari linakwenda lenyewe, kwa nini injini ivume? Ukweli ni kinyume chake. Injini ya kisasa, ya petroli au ya dizeli, ikiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, magurudumu hayaizungushi tena, kwa hiyo lazima inywe mafuta ili isizime. Mjomba hakuwa mwongo, alikuwa amezoea kabureta, na kabureta haikuwa na akili hiyo. Ila hata enzi za kabureta bei halisi ya nyutro ililipwa kwenye breki, ambazo zikibaki peke yao kushika gari zima hupata moto mpaka zinaacha kushika. Kenya wana kipande chao, Salgaa hadi Sachang'wan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na malori yaliyoachiwa nyutro ni sehemu kubwa ya sababu ya jina baya la kipande kile.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado unazo. Ulichopoteza ni ule ujanja wa kuzuia magurudumu yasijifunge kwenye utelezi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama.

Ile nyekundu ya breki yenyewe ina mdomo wa maneno mawili. Inaweza kuwa inakukumbusha handibreki. Inaweza pia kuwa inasema mafuta ya breki yameshuka kwenye kikopo chake, na mara nyingi yameshuka kwa sababu pedi zimelika, pistoni zimesogea, mafuta yameingia kujaza nafasi. Anayeongeza mafuta ya breki bila kutazama pedi amefunga mdomo wa shahidi.

Je, wajua kwamba T-BELT haina macho? Taa hiyo ya Toyota za dizeli haiuangalii mkanda wa taimingi hata mara moja. Inahesabu kilomita tu: zikifika 100,000, au 150,000 kwenye baadhi ya matoleo, inawaka. Mkanda unaweza kuwa umebadilishwa juzi na taa ikawaka leo. Unaweza kuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi na taa isiwake, hasa kama mtu alirudisha nyuma kilomita kabla ya kukuuzia. Fundi mwenye haraka anaweza kuizima taa bila kuugusa mkanda, na mteja akatoka gerejini akitabasamu. Mkanda ukikatika kwenye dizeli hizo pistoni zinagonga valvu, na hapo huongelei mkanda tena. Hilux zenye injini za GD, zilizoanza 2015, zinatumia cheni na hazina shughuli hiyo. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, ile inayoonekana kwenye kila mbuga na kila mradi wa maji, ina mkanda.

"O/D OFF" si ugonjwa. Maana yake ni kwamba mtu amebonyeza kitufe kwenye gia ya otomatiki na kulizuia gari lisiingie gia yake ya juu kabisa. Kwenye mlima au ukivuta tela ni sawa. Kwenye barabara tambarare injini inazunguka kwa kasi bila sababu na mafuta yanakwenda nayo. Kuna watu wamelalamikia pikapu zao miaka miwili kwa kosa la kidole gumba.

Sasa hesabu kidogo, nayo ni tamu. Mke ana gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita, akalibadilisha kwa lingine la kilomita 20. Mume ana pikapu ya kilomita 6 kwa lita, akaifanyia matengenezo ikafika 7. Nani ameokoa zaidi? Karibu kila mtu atampigia mke makofi. Wape wote wawili kilomita 1,000. Mke alikuwa anatumia lita 67, sasa 50: ameokoa 17. Mume alikuwa anatumia 167, sasa 143: ameokoa 24. Kilomita moja ya mume imezishinda tano za mke. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Richard Larrick na Jack Soll, walilieleza kosa hili kwenye jarida la Science mwaka 2008, wakasema kipimo chenyewe ndicho kinachotudanganya. Ukitaka kuona pesa zako zinapokwenda, hesabu lita kwa kila kilomita 100. Ndiyo maana pikapu inayobugia mafuta ndiyo yenye faida zaidi kuihangaikia.

Namna ya kupima ni ya kizamani na haijashindwa: jaza tangi mpaka mkato wa kwanza wa bomba, andika kilomita, tembea, rudi sheli ile ile, jaza tena mpaka mkato wa kwanza, gawanya. Tarakimu za kwenye skrini zisikilize kama unavyomsikiliza muuza gari.

Na kama umevalisha matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili pikapu isimame vizuri, kumbuka kila mzunguko mmoja sasa unakwenda mbali zaidi ila kihesabuji hakijui. Kitahesabu kilomita pungufu, na utaona gari linakula kuliko linavyokula kweli. Ongeza hapo uzito wa matairi yenyewe, na hesabu zote zimevurugika.

Je, wajua kwamba kushusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite hakusaidii? Inaonekana ni akili ya kawaida: ule mlango unasimama kama ukuta, ushushe. Kumbe ukifungwa, hewa inayopita juu ya kabini inajikunja ndani ya bodi na kutengeneza kama mto wa hewa inayozunguka, na upepo mwingine unateleza juu yake. Ukiushusha, mto unavurugika. Kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilizijaza pikapu mbili mafuta sawa na kuziachia barabarani. Iliyoshusha mlango ndiyo iliyoishiwa kwanza.

Upepo wenyewe una bei ya kutisha. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wake unazidi mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, unasukuma upepo mzito karibu mara mbili, na pikapu ina umbo la kabati. Funga na keria tupu juu yake kwa mwaka mzima, kwa ajili ya mzigo utakaoubeba Krismasi.

Uzito je? Hapo wengi tunakuza mambo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kilo 45 za ziada hupunguza ufanisi kwa kama asilimia 1, na kwa gari kubwa ni pungufu ya hapo. Gunia moja la mahindi halitakufilisi. Ford walipobadilisha bodi ya F-150 ya 2015 kutoka chuma kwenda aluminiamu, walipunguza hadi kilo 300 na ushee, na hapo tofauti ikaonekana.

Upepo wa matairi ya nyuma ya pikapu una namba mbili, msomaji. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko: moja ya bodi tupu, moja ya mzigo. Wengi wetu tuna namba moja tu kichwani, tuliyopewa na kijana wa upepo.

Wanaojaza mafuta alfajiri wakisema petroli ikiwa baridi unapata nyingi wanasema kweli kwa kiasi cha glasi ya maji. Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tofauti ya nyuzi 5 kwenye lita 40 ni robo lita haifiki, na matangi ya sheli yamezikwa ardhini ambako joto la mchana linafika kwa shida. Nenda alfajiri kwa sababu hakuna foleni. Foleni ndiyo mwizi: injini ikiwa inanguruma bila kutembea hunywa kama lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kiyoyozi.

Je, wajua kwamba lita moja ya dizeli, yenye uzito usiofika kilo 1, hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi? Uzito wa ziada ni oksijeni iliyovutwa hewani. Na lita hiyo hiyo ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kama asilimia 12, kwa hiyo sehemu ya sifa za dizeli imo ndani ya dumu kabla hata ya kuwasha injini.

Tukirudi kwenye vitaa. Ule mchoro wa njano wa injini unaotisha watu ulizaliwa na moshi. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuanzia ya 1996 kuwa na mfumo mmoja wa kujichunguza, na shabaha kubwa ilikuwa uchafuzi wa hewa. Ndiyo maana kifuniko cha tangi la petroli kilicholegea kinaweza kuuwasha: mvuke unatoka. Ukiwaka bila kupepesa, una muda wa kwenda kupima kwa kompyuta. Ukipepesa, punguza mwendo mara moja, kwa sababu silinda moja haichomi vizuri na petroli mbichi inakwenda kuungua ndani ya masega.

Masega, kwa asiyejua, ni kile chombo kwenye ekzosi chenye vitundu kama vya nyuki, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kuna mafundi watakuambia yanaziba, yanakula mafuta, waachie wayatoe bure. Bure ya nini, madini ya bei kiasi hicho? Baada ya hapo taa ya njano inawaka na haizimi, kwa sababu baada ya masega kuna kihisio kinachonusa kama kazi imefanyika, nacho sasa kinanusa moshi mbichi. Halafu fundi yule yule anakuuzia huduma ya kuzima taa.

Kwenye dizeli mpya, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, kuna chujio la masizi lenye taa yake. Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na ili lifike huko linataka mwendo wa barabara kuu kwa robo saa au zaidi. Gari la safari za Kariakoo na kurudi halifiki kamwe. Wakati wa kuchoma, injini hunyunyiza dizeli ya ziada, na kama unaikatiza kila siku utalipa bila kupata. Salfa nyingi kwenye dizeli ilikuwa kisingizio cha kung'oa machujio haya. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, hivyo kisingizio kimepungua makali.

Kitaa cha njano cha chujio lenye matone chini yake ni maji ndani ya dizeli. Kiheshimu. Nozeli za kisasa hupuliza kwa presha inayozidi ya tairi lako mara mamia, na tone la maji huko ni kama mchanga kwenye jicho. Chini ya chujio la dizeli kuna koki: weka kopo, legeza, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke safi, kaza. Haihitaji fundi.

Kipimajoto cha rangi ya samawati: injini bado baridi, usiikimbize. Kitaa chekundu cha gari na ufunguo kinachopepesa ukiwa umeegesha: mlinzi yuko kazini. Kile kinachofanana na sufuria yenye alama ya mshangao ni mchoro wa tairi lililokatwa katikati: upepo umepungua. Na yule mwanamke anayezungumza Kijapani kila unapowasha gari lililotoka Japani hakutukani. Anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara za huko.

Unanunua pikapu ya mkononi? Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za hatari zote, ya oili, ya betri, ya injini, ya mfuko wa hewa, zinapaswa kuwaka, kisha nyingine zizime baada ya sekunde chache na nyingine injini ikianza. Usihofie inayowaka wakati huo. Hofia isiyowaka kabisa. Kuna mtu amechomoa balbu au amebandika gundi nyeusi, na alikuwa na sababu.

Taa ya mafuta ikizima ukipanda mlima, mafuta hayajaongezeka. Yameinama tu, yakakigusa kipimo, na ukifika kileleni itawaka tena. Ukifika sheli, tazama pembetatu ndogo pembeni ya mchoro wa pampu: inaelekeza upande wa mfuniko. Ilibuniwa na Jim Moylan, mfanyakazi wa Ford, mwaka 1986, baada ya kuegesha gari la kampuni upande usio wenyewe na kuloana kwa mvua akilizungusha. Magari ya zamani hayana pembetatu hiyo, na kule kusema mpira wa pampu kwenye mchoro ndio unaoonyesha upande ni uzushi. Nimeujaribu kwenye pikapu yangu, sheli ya Mikese, magari saba nyuma yangu yakipiga honi.